Ampea 400 kwa Muda Gani?

Taa mbili kubwa za mbele za gari la volti 12, zikiwashwa pamoja, hazifikishi ampea 10, na bado kiwanda kimeziwekea fyuzi. Redio ina fyuzi yake, feni ina yake, honi ina yake, hata kitundu cha kuchajia simu kina yake. Sasa tazama mbele ya gari hilohilo, kwenye bampa, pale ilipofungwa winchi. Kebo mbili nene zinatoka moja kwa moja kwenye betri, zinapita ubavuni mwa rejeta na kuingia kwenye mota inayoweza kunywa zaidi ya ampea 400 inapovuta kwa nguvu zake zote. Kati ya betri na mota hiyo, katika magari mengi niliyoyafunua boneti, hakuna kitu.

Anayeona hivyo kwa mara ya kwanza hudhani ni uzembe, na mara nyingine ni uzembe kweli. Lakini chini yake pana ugumu wa haki kabisa. Kwa ajili ya ugumu huo nawasifu mafundi umeme wa magari wanaokubali kuiwekea winchi kinga ya kuzidiwa, na wakaifanya kazi hiyo kwa vipimo. Ni kazi ndogo machoni. Ikikamilika, mwenye gari anaona kisanduku kimoja zaidi karibu na betri na mshale mmoja zaidi kwenye dashibodi. Mimi naiona kuwa miongoni mwa kazi zenye akili nyingi kuliko zote zinazofanyika gereji.

Winchi za magari ya porini hupimwa kwa ratili. Ile ya 9,500 ndiyo tunayokutana nayo sana, nayo huvuta kama kilo 4,300. Ndani yake mna mota, gia zinazopunguza mwendo na kuongeza nguvu, breki, na ngoma inayokunja kamba. Ikikunja kamba isiyo na mzigo hunywa kama ampea 70. Ikishika gari lililozama, ampea hupanda hadi 400 na kuendelea, na hakuna aliyeiamuru. Mota inapozunguka huzalisha yenyewe volti zinazoelekea kinyume na zile za betri, na volti hizo ndizo zinazouzuia umeme usiingie kwa wingi. Mzigo ukiielemea, mwendo hupungua, na kizuizi hicho hupungua pamoja nao. Ikisimama kabisa huku kitufe kimebonyezwa, kizuizi kimekwisha. Kilichobaki mbele ya betri ni ukinzani mdogo wa shaba tu.

Mwaka 1841 James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, Uingereza, alionyesha kwamba joto linalozaliwa ndani ya waya hukua kwa mraba wa umeme unaopita. Umeme ukiongezeka mara 2, joto huongezeka mara 4. Kutoka ampea 70 hadi 400 umeme haujafika hata mara 6, lakini joto limepita mara 30. Chukua kebo ya shaba ya milimita za mraba 35, mita 2 za kwenda na mita 2 za kurudi. Ukinzani wake wote ni kama miliomu 2, kiasi ambacho mita ya kawaida ya fundi haiwezi kukisoma kwa uhakika. Kwa ampea 400 kebo hiyo hupoteza volti 0.8 na kutoa wati 320 za joto, na hiyo ni kebo nzuri, iliyochaguliwa vizuri.

Ndani ya winchi hali ni kali zaidi. Volti 10 na ushee zinazoifikia mota, ukizizidisha kwa ampea 400, ni zaidi ya wati 4,000. Kamba inayovuta kilo 4,300 kwa mwendo wa mita 1 na robo kwa dakika haipati hata wati 1,000. Robo tatu ya umeme na zaidi imegeuka joto ndani ya mota na gia, katika chuma kilichozibwa ili tope lisiingie, kisicho na feni wala tundu la hewa. Kila nikizirudia hesabu hizi naelewa kwa nini watengenezaji wanasisitiza kwamba winchi ivute kwa muda mfupi, kisha ipumzishwe kwa muda mrefu zaidi.

Kwa nini basi fyuzi moja isimalize kazi? Kwa sababu ya muda. Kuli wa bandarini anaweza kujitwika gunia lililomzidi uzito na kupiga nalo hatua kadhaa hadi kwenye lori. Umwambie avuke nalo uwanja mzima, utamvunja mgongo. Winchi imeumbwa hivyo. Ampea 400 kwa nusu dakika ni haki yake, ndiyo kazi iliyonunuliwa kuifanya. Ampea hizohizo kwa dakika 5 ni kifo chake. Kwa hiyo ukiweka fyuzi ya ampea 150 ili kuilinda mota isiungue, itakatika katika mvuto wa kwanza wa maana, na dereva atabaki matopeni na fyuzi iliyoungua mkononi. Ukiweka ya 500, haitakatika kamwe kwa mzigo wa kawaida, na mota itaungua polepole mbele ya fyuzi iliyo nzima. Fyuzi kubwa za magari zina ujuzi fulani wa muda: umeme ukifika mara 2 ya kiwango chake, hustahimili sekunde chache kabla ya kuyeyuka. Lakini fyuzi inapoa haraka kuliko mota. Dereva akivuta, akapumzika kidogo, akavuta tena, fyuzi imeshasahau joto la mvuto wa kwanza na mota bado inalo lote.

Nilimsikia dereva mmoja wa watalii jijini Arusha akimhimiza fundi wake: “Fundi, weka fyuzi kubwa tu, tumalize.” Fundi akaendelea kupangusa kichwa cha betri. “Kubwa kiasi gani, kaka? Na ikatike baada ya muda gani?” Dereva hakuwa na jibu, naye fundi hakumcheka. Akachukua kalamu na kuanza kumuuliza anakopita na gari lake, limebeba watu wangapi, na mara ya mwisho lilipozama lilivutwa kwa dakika ngapi.

Maswali hayo ndiyo mwanzo wa ufundi wenyewe. Gari la dereva yule ni Land Cruiser ndefu, zile zinazokatwa chasisi na kurefushwa katika gereji za Arusha, zikawekewa paa la kufunguka ili wageni wasimame na kutazama wanyama. Likiwa na abiria, mafuta na mizigo linapita tani 3. Njia yake hufika ukanda wa magharibi wa Serengeti, kuelekea mto Grumeti, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika huvimba, ukanata kwenye tairi mpaka tairi halina meno tena. Gari likikaa kwa tumbo kwenye udongo ule, nguvu ya kulitoa inaweza kukaribia uzito wake wote, na tope likishalinyonya, ikauzidi. Mahali pengine hakuna mti wa kufungia kamba kwa umbali wa kutazama. Madereva huchimba shimo na kuzika tairi la spea liwe nanga. Kinga ya gari la namna hiyo haiwezi kunakiliwa kutoka gari la mtu anayetoka Jumapili kujifurahisha na rafiki zake.

Fundi mwenye akili huanza kwa kutenganisha hatari, kwa maana haziponi kwa dawa moja. Ya kwanza ni shoti. Winchi inakaa mahali ambapo gari likigonga ndipo panapogongwa kwanza. Kebo yake chanya, ikibanwa kati ya bampa na chasisi, inamwaga umeme wote wa betri, na betri nzuri ya gari hutoa zaidi ya ampea 1,000 kwenye shoti safi. Hapa fyuzi kubwa au kikatio cha umeme kina kazi halisi, na hapa muda hauhitajiki: kikate papo hapo. Kikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, shubiri moja ikiwezekana, kwa sababu kipande cha kebo kilicho kati yake na betri hakilindwi na yeyote. Zaidi ya hapo kuna swichi kuu ya mkono, ya kuinyima winchi umeme gari likiwa safarini. Sioni sababu ya kebo ya bampa kuwa na umeme kutoka Arusha hadi Seronera huko Serengeti wakati hakuna anayevuta kitu.

Ya pili ni joto la kuvuta kupita kiasi, nayo nitairudia.

Ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ndiyo niliyoiona ikimfanya dereva mzoefu atetemeke. Kitufe cha winchi hakibebi ampea 400. Kinaamsha kontakta, swichi ya sumaku ambayo vipande vyake vya shaba hugusana na kupitisha umeme mkubwa. Sumaku hiyo hulishwa na betri ileile inayonyonywa na mota. Mzigo ukiwa mkubwa na betri ikiwa imechoka, volti hushuka, sumaku hulegea, vipande huanza kurukaruka, na kila mruko hupiga cheche. Cheche huyeyusha uso wa shaba, vipande vikagandana. Dereva anaachia kitufe na winchi haisimami. Anabonyeza cha kurudisha, haisikii. Ndoano inakuja mpaka inajikita kwenye mdomo wa kupitishia kamba, mota inasimama ikiwa na umeme wote, na kinachofuata ni kamba kukatika, bampa kupinda, au moshi. Kinga inayokata umeme wa kitufe peke yake haisaidii kitu hapo, kwani kontakta imeshaacha kusikiliza kitufe. Ndiyo maana fundi wa kweli hufunga kontakta ya pili, kabla ya ile ya winchi, yenye amri yake pekee. Huongeza pia kipimo cha volti kinachokatiza kazi betri inaposhuka chini ya volti 10 hivi, kabla ya mirukoruko kuanza. Na ile swichi kuu huifunga mahali panapofikika bila kufungua boneti, kwa sababu mtu mwenye hofu, mikono ikiwa na tope, hana muda wa kutafuta kamba ya boneti.

Sasa ile ya pili. Umeme unaoingia kwenye mota hupimwa kwa kipande cha shanti, yaani chuma chenye ukinzani mdogo unaojulikana, kinachofungwa kwenye kebo hasi. Shanti nyingi za ampea 500 hutoa milivolti 50 umeme ukifika kiwango hicho. Wengine hutumia pete yenye kihisi cha sumaku inayoizunguka kebo bila kuikata, nami naipenda zaidi kwa kuwa kila kiungo kinachoepukwa ni upungufu wa joto. Kipimo hicho hupelekwa kwenye saketi ndogo inayohesabu: umeme mkubwa kiasi gani, kwa muda gani, na baada ya mapumziko ya muda gani. Kwa vile mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa nukta moja kabla haijashika mwendo, saketi lazima isamehe mwanzo huo, la sivyo itakata kila mara kitufe kinapoguswa. Ndani ya mota, kando ya kaboni zake, fundi huweka kihisi cha joto kama cha kiwandani hakipo. Saketi inakadiria joto, kihisi kinalishuhudia, na amri ya kukata hutoka kwa yeyote anayetangulia.

Yote hayo yanaweza kuharibiwa na kiungo kimoja kibaya. Nimesimama nikitazama kebo zikiandaliwa, na hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Ncha ya kebo inakatwa moja kwa moja, ganda linatolewa bila kujeruhi nyuzi hata moja, lagi ya shaba inaingizwa na kubanwa kwa mashine yenye meno ya pembe sita hadi nyuzi na lagi ziwe chuma kimoja. Halafu mpira wa kusinyaa kwa moto unavikwa, maji yasipenye. Fundi asiye na mashine hugonga lagi kwa nyundo na kumimina risasi ya kulehemu, na kazi hutoka iking'aa. Lakini risasi hiyo ya kawaida huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto kama 183, na kiungo kilicholegea chenye miliomu 1 tu hutoa wati 160 za joto kwa ampea 400, zote mahali pamoja. Risasi ikilainika kebo inachomoka ikiwa na umeme, na kinga iliyogharimu fedha nyingi inakuwa chanzo cha moto. Ningependa kila mwenye gari aombe kuona mashine ya kubana lagi kabla hajauliza bei.

Kisha linakuja jaribio. Gari hufungwa kwa gari zito lenye breki, ngoma ikiwa imebakiza mizunguko michache ya kamba, na mita ya kuzunguka kebo inasoma ampea huku mtu mwingine akitazama saa. Uchache huo wa kamba una maana. Winchi huvuta kwa nguvu yake kubwa kabisa pale kamba inapokuwa kwenye safu ya kwanza, karibu na mhimili. Safu zikiongezeka ngoma inanenepa, na ampea zilezile zinatoa mvuto mdogo zaidi. Kwa hiyo saketi ya umeme inajua mota inateseka kiasi gani, lakini haijui kamba inakazwa kiasi gani mpaka mtu aiambie kamba imebaki safu ngapi kwenye ngoma. Nimekutana na watu wanaoamini kinga ya umeme itailinda kamba isikatike. Haitailinda kwa hakika. Kamba ya chuma iliyopinda au iliyoliwa na kutu itakatika chini ya kiwango chochote ulichopanga, na blanketi zito juu ya kamba, watu wakiwa wamesogea mbali, havina mbadala wa kielektroniki.

Faida ambayo sikuitarajia ni ile ya mshale kwenye dashibodi. Dereva aliyezoea kusikiliza mlio wa mota anajua inapolemewa. Sasa anaona kwa kiasi gani. Anavuta, mshale unagonga 400. Anaacha, anachukua sepetu, anaondoa tope mbele ya tairi na chini ya ekseli, anavuta tena, mshale unasimama 250. Anafunga kapi kwenye nanga, anairudisha ndoano kwenye gari lake mwenyewe, kamba inakuwa mikondo miwili, na mshale unashuka tena, ingawa gari linatoka kwa mwendo wa nusu. Na anaona jambo jingine: altaneta ya gari hutoa ampea 80, 100, labda 130; kilichobaki kinatoka kwenye betri. Dakika 1 ya ampea 400 ni karibu ampea-saa 7, katika betri ambayo kwa unyonyaji wa namna hiyo haitoi kile kilichoandikwa ubavuni mwake. Madereva wa mashindano ya Rhino Charge ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, hupanda makorongo ambayo bila winchi hayapandiki, na uchumi huu wa betri ni sehemu ya akili yao. Dereva wa watalii anauhitaji zaidi, maana nyuma yake wamekaa watu ambao hawakuja kushindana.

Limebaki suala ambalo mafundi hawa hawakubaliani, nami nina upande wangu. Kinga ikikata, dereva apewe njia ya kuipita? Wapo wanaokataa kabisa. Wanasema kitufe cha dharura kitabonyezwa kila siku, na kinga itakuwa pambo. Hofu yao ina msingi. Lakini fikiria gari limezimikia kivukoni, maji ya mto yanapanda na yameshafika mlangoni, limebaki mita 3 kufika ukingoni, na saketi inasema mota ipumzike dakika 10. Mota inanunulika. Saa hiyo ni haki ya dereva kuichoma akijua anachokichoma, na fundi anayemnyima haki hiyo amelinda chombo akamsahau mwenye chombo. Kwa hiyo kitufe kiwepo, chini ya kifuniko kilichofungwa kwa lakiri ya waya na risasi. Kipite kipima muda na kihisi cha joto, basi. Kisiguse kikatio cha shoti, kisiguse kipimo cha volti, kisiguse kontakta ya pili, maana hivyo vitatu vinawalinda walio ndani ya gari. Na lakiri ikikatwa, winchi irudi gereji, mota ifunguliwe na kaboni zake zitazamwe, kabla gari halijapangiwa safari nyingine.